Mlango wa Mlima Uko Wapi? Yaliyotukuta Loleza, Ngozi na Rungwe

Mgeni akifika Mbeya mjini hana haja ya kuuliza milima iko wapi. Ukitoka tu nje ya nyumba, Loleza imekusimamia kaskazini, kilele cha Mbeya kimekaa upande wake wa magharibi, na ukielekea Uyole unauona mgongo wa Poroto umejaa msitu. Cha kuuliza ni njia inaanzia wapi. Hapo ndipo wenyeji wengi watakuonyesha kwa kidevu: "Pale juu." Niliishi hapa muda mrefu nikiamini kwamba jibu hilo linatosha. Kumbe kati ya lami na "pale juu" kuna barabara ya vumbi, shamba la mtu, geti, malipo, mlinzi, na bodaboda anayejua fika kwamba huna usafiri mwingine.

Naandika kwa ajili ya familia, kwaya, wafanyakazi wa ofisi moja, au kikundi kama chetu kinachotaka kutoka Jumamosi kwenda msituni na kurudi salama. Miguu yetu haikutusumbua sana. Kilichotusumbua kilikuwa kufika pale njia inapoanzia, na kutoka pale kurudi nyumbani.

Sisi ni kikundi cha vikoba, wanawake peke yetu, wengi kutoka Soweto, Mwanjelwa na Uyole. Kila mwaka tulikuwa tunavunja hesabu ukumbini: pilau, soda, muziki, gawio, kila mtu kwake. Mwaka mmoja katibu wetu akatoa wazo kwamba tukagawane fedha kwanza, kisha tukapande mlima. Nilidhani wazo litafia palepale. Lakini mkubwa wetu, ambaye wote tunamwita Bibi, akasema, "Mlima huu nauangalia tangu naolewa, na mguu wangu haujaukanyaga." Baada ya hapo hakuna aliyepinga. Kwa kuwa biashara yangu inaniruhusu kufunga siku ya katikati ya wiki, nikatumwa nikatafute njia.

Nilianzia Loleza kwa sababu iko karibu. Mlima huu una mita 2,656, na kwa mtu anayekaa mjini unaonekana kama unaweza kuugusa. Nilipanda na binti yangu asubuhi, tukapita kwenye nyumba za mwisho, tukaingia kwenye miti. Tulifika mbali kiasi, jua likiwa zuri, mji wote chini yetu na mabati yanametameta. Tukakutana na kijana mlinzi, akatusalimu vizuri tu, akatuuliza kibali. Huko juu kuna minara ya mawasiliano na raia hawaruhusiwi kufika bila ruhusa. Hakutupigia kelele, wala hakuomba chochote. Alitwambia turudi, tukarudi. Binti yangu alikasirika njia nzima. Mimi nilichoka zaidi kuliko kukasirika, kwa sababu tulikuwa tumeuliza watu watatu pale chini na wote walitwambia njia iko wazi. Hawakutudanganya. Wao hupita kuokota kuni na kuishia njiani, hawaendi kileleni.

Tangu siku ile, swali la kwanza ninalouliza ni hili: huu mlima ni wa nani? Kila mlima una mwenyewe, na wenyewe hawafanani. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa, iko chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na wenye kuusimamia ni Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Msitu wa Poroto, ulipo Ziwa Ngozi, nao ni msitu wa serikali. Ukienda kilele cha Mbeya kwa upande wa Mbalizi, unapita kwanza kwenye vijiji na mashamba ya kahawa kabla hujafika mlimani. Kibali cha hapa hakifungui kule. Kuna kikundi kingine cha mjini kililipia msitu mmoja kikaenda mwingine, kikadhani risiti ya serikali ni risiti tu. Walirudishwa, na nauli ya Coaster nzima ilikuwa imekwisha kulipwa.

Kuhusu kilele cha Mbeya nitasema machache. Kinapita mita 2,800, wakati mji wenyewe uko kwenye kama mita 1,700, kwa hiyo piga hesabu ya magoti yako mapema. Unatokea barabara kuu ya kwenda Tunduma, unaacha lami Mbalizi kuelekea Utengule, kisha unapanda kupitia mashamba na mikaratusi mpaka kwenye nyasi tupu. Nilipokwenda kuikagua njia, nilimkuta mzee mmoja akipogoa kahawa zake. Nikamwamkia shikamoo, nikasimama. Aliendelea na kazi kidogo, kisha akauliza natoka kwa nani na natafuta nini. Baada ya maongezi mafupi alinionyesha mwenyewe njia ya kuacha na njia ya kushika, akanipa na jina la mwenyekiti wa kitongoji niende nikajitambulishe. Watu wanaopita shambani kwa mtu bila salamu, wakiwa wamebeba mabegi na simu juu, ndio hupelekwa njia ndefu au kusimamishwa. Mlima ni mzuri mno, lakini mteremko wake ni mkali na kivuli kinaisha mapema. Kwa Bibi na wenzake wawili wenye presha haukufaa. Tukachagua Ngozi.

Ngozi iko barabara ya Tukuyu. Unachukua Coaster za Tukuyu au Kyela, unapita Uyole, gari linaanza kupanda Poroto kwenye mashamba ya viazi, na baridi inaingia dirishani. Unashuka barabarani, halafu kuna kipande kirefu cha barabara ya vumbi mpaka ukingo wa msitu. Kipande hicho ndicho kilichotutoa jasho kuliko mlima.

Tulishuka zaidi ya kumi, na bodaboda wakatuona kabla hatujapanga hata mabegi. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 10,000 kwa kichwa, kwenda tu. Mweka hazina wetu, ambaye hata sokoni Mwanjelwa hupatana mpaka muuzaji achoke, aliwashusha hadi 5,000. Tulifurahi, na hiyo furaha ikatupitisha kwenye jambo la maana: hatukupatana bei ya kurudi. Jioni, mvua imeanza na sisi tumelowa, bei ilikuwa 12,000 na haikushuka. Siwalaumu vijana wale. Nao walilowa, na barabara ilikuwa imegeuka utelezi. Lakini siku hizi tunapatana kwenda na kurudi kwa mkupuo mmoja, tunalipa nusu asubuhi na nusu tukirejea, tunachukua namba za simu za angalau wawili, na tunataja saa. Kwa walio na miguu mizuri, kipande kile kinatembeka, ila ongeza muda wake kwenye hesabu ya siku.

Jambo la pili ni malipo. Ofisi za serikali hazipokei fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo, ile ya tarakimu 12, unalipa kwa simu au benki, ndipo unaandikiwa risiti. Mjini ni jambo la dakika mbili. Kule ukingoni mwa msitu mtandao unakuja na kuondoka. Mhudumu aliyetupokea alikuwa mtu mwema. Alipanda juu ya rundo la udongo kando ya njia, mkono mmoja umeshika simu juu kabisa, mwingine ameshika daftari, akitusomea tarakimu moja moja huku katibu akizirudia kwa sauti. Tulipomaliza, mweka hazina akagundua salio la simu ya kikundi halitoshi kwa makato. Tukachangishana kwa kutumiana fedha sisi kwa sisi, nao mtandao ukapotea tena. Saa nzima ilikwenda hapo. Mawingu, ambayo asubuhi yalikuwa mbali, yakasogea.

Kwa hiyo piga simu siku mbili tatu kabla, omba namba ya malipo ukiwa mjini, lipa, piga picha risiti, na uichapishe kwenye karatasi kabisa, kwa maana simu hulowa na chaji huisha. Beba kitambulisho cha Taifa. Viingilio vya raia na vya wageni kutoka nje havilingani, na ukisimama getini bila kitambulisho unaanzisha mjadala ambao ungeweza kuuepuka. Uliza pia kama kiingilio kinajumuisha mwongozaji. Sisi tulimlipa mwongozaji wetu 30,000 kwa kundi zima, mbali na kiingilio, na kila shilingi aliistahili.

Njia ya Ngozi inaanza taratibu ndani ya msitu mnene. Miti imevaa kuvumwani, chini kuna matope meusi, na hewa inanuka majani yaliyooza. Kisha inasimama. Kuna mahali unashika mizizi kwa mikono. Wenzetu waliovaa raba za kukimbilia waliteleza kila hatua. Waliovaa gambuti za shambani walipanda kama wako uani kwao. Mtu akikwambia gambuti ni za shamba, si za matembezi, mwambie aende Ngozi mwezi wa tatu.

Ziwa hulioni mpaka hatua ya mwisho kabisa. Unapanda, unapanda, umeona miti mbele yako, halafu miti inakatika na huko chini sana, kama mita 200, maji ya kijani yamelala ndani ya kasoko ya volkano. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 2.5, na ukuta wa msitu umelizunguka pande zote. Sisi tulipofika hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Tukakaa, tukala viazi vya kuchemsha na mayai, tukanywa chai ya tangawizi, wengine wakaanza kunung'unika kwamba wangekuwa ukumbini muda huu. Bibi hakunung'unika. Alikaa kwenye gunia alilokuja nalo, akasubiri. Ukungu ulipofunguka alishika mkono wa katibu kwa nguvu na kusema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akarudia tena. Ahsante sana. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Wenyeji wana heshima na ziwa hilo na wana simulizi zake. Mwongozaji alituomba tusipige kelele wala kutupa mawe. Binti mmoja alitaka kushuka mpaka majini, mwongozaji akakataa katakata: ukuta ni mkali, udongo umelowa, na hakuna wa kukutoa huko. Mheshimu mtu akikukatalia hivyo.

Kilichoniogopesha siku ile kilikuja wakati wa kushuka. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, na watu hawaamini hadi waanze. Wenye miguu myepesi walitangulia wakiimba, mwongozaji akawafuata ili wasipotee. Bibi akabaki nyuma na mimi na mwenzetu mmoja. Mvua ikaanza. Goti lake la kulia likagoma. Tulikuwa tunashuka kwa makalio, hatua kwa hatua, mimi mbele nimeweka mguu wangu pale pa kukanyaga, mwenzangu nyuma amemshika kanga aliyojifunga kiunoni. Tulifika mahali njia inagawanyika. Hatukukumbuka kuiona asubuhi. Tuliita, msitu ukanyamaza. Simu haikuwa na mtandao. Sijui tulisimama muda gani, ila najua nilianza kuhesabu saa zilizobaki kabla ya giza na mikono ikanitetemeka. Bibi ndiye aliyetutuliza: "Tusimame hapahapa. Aliyetuleta atatuhesabu." Kweli, mwongozaji alipofika chini na kuhesabu watu, akarudi akipanda mbio.

Tangu hapo, mwongozaji wetu hukaa nyuma na mtu wa mwisho, na mbele anatangulia mtu aliyeagizwa kusimama kila njia panda mpaka wote wafike. Kila mmoja ana filimbi ya plastiki ya bei ndogo. Tochi inabebwa hata kama tunapanga kurudi saa nane mchana. Na anayehisi goti linamsumbua anasema mapema, akiwa bado na nguvu. Kwa Mbeya jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, kutegemea mwezi, lakini ndani ya msitu wenye mawingu giza huingia mapema zaidi. Sisi tumejiwekea saa sita mchana kuwa mwisho wa kupanda. Tukiwa tumefika au hatujafika, tunageuka.

Niseme na jambo ambalo wanaume wanaoelezea milima hulisahau. Tulikofika hakukuwa na choo. Wanawake hujinyima maji tangu asubuhi ili wasipate shida, kisha wanapata kizunguzungu njiani, na wanaodhani ni baridi au urefu wa mlima wanakosea. Kunyweni maji. Kila tunapokwenda tunabeba kanga mbili kubwa za kuzungushia, karatasi laini, na mfuko mweusi wa kurudisha kila kitu mjini. Aliye kwenye siku zake asikae nyumbani kwa aibu. Amwambie mmoja tu ambaye atabaki naye nyuma.

Baada ya Ngozi, wachache wetu wenye nguvu tulitaka Rungwe. Huu ni mlima mwingine kabisa, karibu mita 2,960, na si wa kuanza nao. Tulilala upande ule usiku ili tuanze gizani, kwa sababu ukitegemea Coaster ya kwanza kutoka mjini unachelewa. Malipo tulimaliza siku iliyotangulia. Unapita msitu, unapita mianzi, unatokea kwenye vichaka vya baridi juu. Kwenye msitu huo ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na kumtaja kwa jina kabla ya watafiti kumtangaza mwaka 2005. Mwaka uliofuata alipewa jenasi yake mwenyewe, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Rungwe. Hatukumwona. Mwongozaji alitwambia tukipunguza maneno labda siku nyingine tutamwona, nasi kwa kweli tulikuwa na maneno mengi.

Shida ya Rungwe ilikuwa jioni. Tulifika lami tumechoka hoi, na Coaster zinazotoka Kyela zilikuwa zinapita zimejaa mpaka mlangoni. Moja, mbili, tatu, hazisimami. Baridi ya huko usiku si ya mchezo kwa mtu aliyelowa jasho. Mama mmoja mwenye kibanda cha ndizi za kuchoma alituita tukae karibu na jiko lake, akakataa tumlipe kwa ajili ya moto, tukanunua ndizi zake zote. Mwishowe tulikwenda kinyume, tukapanda gari la kushuka Tukuyu, na kule stendi tukapata gari linaloanza safari na viti vitupu. Ilitugharimu nauli mara mbili na tulifika mjini usiku, lakini tulikaa. Ukikwama kwenye barabara ile jioni, rudi nyuma hadi gari linapoanzia.

Sasa tunapanga Kitulo. Wengi mnaijua kwa jina la Bustani ya Mungu. Ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza Afrika ya kitropiki kulindwa hasa kwa ajili ya maua. Okidi zake zilikuwa zinachimbwa kwa wingi, viazi vya mizizi yake vikasafirishwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na kuzilinda ilikuwa moja ya sababu za kuwa na hifadhi. Tatizo ni kwamba maua huchanua msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na huo ndio msimu barabara zake zinapoharibika. Ukipanda kutokea Chimala kwenda Matamba unakutana na zile kona 57. Ukitokea Isyonje, unakutana na tope. Kiangazi barabara ni nzuri, lakini nyasi ni kavu na Juni hadi Agosti kuna asubuhi za jalidi. Na juu kule ni uwanda mtupu, hakuna pa kujificha radi ikianza, kwa hiyo matembezi ni ya asubuhi tu.

Tumechagua Februari. Bibi amesema anakuja, kwa kuwa uwanda haupandishi, na goti lake analipaka dawa kila siku akijiandaa. Kodi ya gari tumeanza kuichanga kidogo kidogo kwenye kikao cha kila wiki, kwenye kitabu chake, isichanganyike na hisa. Dereva wa Hiace tuliyezungumza naye ni mzaliwa wa Matamba, na amekubali kwa sharti moja: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, haondoki, na fedha tuliyotanguliza inasogezwa Jumamosi inayofuata. Tumeliandika sharti hilo na wote tumelitia sahihi.